Paska ya Kiukraini: mkate wa Pasaka unaodai siku nzima

Mkate wa Pasaka wa Waukraine, ambao wenyewe huuita paska, hauna kiungo hata kimoja kisichopatikana katika duka la kawaida la vyakula, lakini ndio mkate mgumu kuliko yote niliyowahi kuoka, na ugumu wake haupo pale ambapo maelezo mengi ya mapishi yanauweka. Niliufahamu Vinnytsia, mji wa katikati ya Ukraine nilikokwenda kusomea udaktari, nikaja kuuoka peke yangu kwa mara ya kwanza Lublin, Poland, mwezi wa Aprili 2022, baada ya vita kututawanya sisi wanafunzi wa kigeni pamoja na mamilioni ya wenyeji. Ninaandika kwa ajili ya wale walioishi huko na wanaoukumbuka mkate huu, waliooana na familia za Kiukraini, au wanaotaka tu kujaribu, ili wasimwage mayai na siagi bure kwa kukosa mambo machache ambayo hakuna aliyewaambia.

Kwanza inafaa kujua kwa nini mkate huu umejaa mayai na siagi kiasi hicho. Kwaresima ya Waorthodoksi hudumu siku 40, kisha huja Juma Kuu, na kwa muda wote huo anayefunga sawasawa hali nyama, hali mayai, hanywi maziwa wala hagusi siagi. Paska huvikusanya vitu hivyo vilivyozuiliwa katika mkate mmoja. Upande wa magharibi, Lviv na Ternopil, utakuta paska pana ya mviringo iliyopambwa juu kwa misuko ya donge na msalaba, lakini katikati na mashariki mwa nchi paska ni ndefu kama kopo, imevikwa kichwani utando mweupe wa sukari wenye chembe za rangi. Hii ndefu ndiyo niliyofundishwa, na ndiyo yenye matatizo zaidi, kwa sababu donge zito lenye mafuta mengi linatakiwa lipande juu na kusimama.

Aliyenifundisha ni bibi mwenye nyumba niliyopanga, mjane aliyekuwa akiishi katika ghorofa ileile. Pasaka ya mwaka 2019 iliangukia tarehe 28 Aprili kwa kalenda yao, na Alhamisi Kuu aliniita jikoni asubuhi, nikiwa nimenawa na kuvaa nguo safi kama alivyoagiza, kwa kuwa kwake kuoka paska ni sehemu ya ibada. Alisali kwanza, akafunga dirisha, akaegemeza kiti mlangoni ili mtu asiingie kwa ghafla. Mayai, siagi na maziwa alikuwa ameyatoa kwenye friji tangu usiku. Siku hiyo kazi yangu ilikuwa kuchekecha unga, kukuna maganda ya limau na kutazama. Nilidhani nimeuelewa mkate wote, kumbe nilichokuwa nimekiona ni mikono yake tu, na mikono haielezi inachokijua.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa Lublin, katika chumba cha kupanga chenye jiko dogo la umeme, na bibi alikuwa amebaki Vinnytsia. Pasaka ya Magharibi ilikuwa tarehe 17 Aprili na ya Waorthodoksi tarehe 24, kwa hiyo nilipoanza kununua vitu, maduka ya Poland yalikwisha ondoa kila kitu cha Pasaka kwenye rafu. Nilitaka kuoka kwa sababu ilikuwa njia pekee iliyobaki ya kukaa jikoni pamoja naye, mimi huku na yeye kule, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Nasema hili kwa sababu lilinigharimu. Mtu mwenye huzuni hukimbilia kumaliza kazi, na paska haikimbizwi.

Vipimo alivyonipa vilikuwa hivi: unga wa ngano kilo 1, maziwa mililita 400, hamira mbichi gramu 50, viini 8 na mayai mazima 2, sukari gramu 250, siagi gramu 200, zabibu kavu gramu 200, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, vanila, na ganda lililokunwa la limau moja. Unapata donge la zaidi ya kilo 2 na robo, linalotosha mikate mitano ya ukubwa wa kati. Anayeanza afanye nusu yake, kwa sababu kukanda kilo mbili kwa mkono ni kazi ya mtu aliyezoea, na pia kwa sababu mayai na siagi ndivyo vinavyokula fedha. Siagi iwe ya kweli. Bibi alikuwa akisoma karatasi ya pakiti kabla ya kulipa, akitafuta ile yenye mafuta asilimia 82, kwa kuwa ya bei ndogo ina maji zaidi na humlegeza donge bila kumpa ladha.

Unga ulinisumbua zaidi ya nilivyotarajia. Nilipokuwa Ukraine bibi aliniagiza unga wa daraja la juu nikanunua nikamaliza, lakini Poland pakiti huandikwa namba, 450, 500, 550 na kuendelea, na namba hizo zinahusu majivu yanayobaki unga ukichomwa, hazikuambii moja kwa moja kama unga una nguvu. Wa 450 ni wa keki. Mahali popote ulipo, geuza pakiti uangalie kiasi cha protini: gramu 11 au zaidi katika kila gramu 100 ndicho kiwango nilichokuja kukiamini kwa mkate huu, kwa sababu protini ndiyo inayojenga utando wa gluteni, na utando huo una kazi ya kubeba siagi, viini na sukari yote ile bila kukatika.

Kazi huanza na opara, yaani uji mzito wa maziwa, hamira, sukari kidogo na kama theluthi moja ya unga, ambao huachwa uchachuke peke yake kabla ya vingine kuongezwa. Usiiruke hatua hii hata kama hamira yako ni ya kisasa ya punje. Sukari nyingi hunyonya maji ambayo hamira inayahitaji, na mafuta hufunika chembe za unga, hivyo ukiitupa hamira moja kwa moja ndani ya donge tajiri itajikongoja kwa saa nyingi. Opara huipa nafasi ya kuongezeka kabla mzigo haujaja. Maziwa yawe na uvuguvugu wa nyuzi 35 hadi 38, uweke kidole usihisi baridi wala moto. Yakikaribia nyuzi 60 hamira inakufa na huna la kufanya isipokuwa kuanza upya. Baada ya dakika 40 hadi saa moja opara hupanda, hujaa mapovu, kisha huanza kubonyea katikati. Subiri ule mbonyeo. Bibi alikuwa akiuita dalili ya njaa, maana hamira imemaliza chakula ilichopewa na sasa inaomba kingine.

Wakati opara inachachuka, viini hupigwa na sukari hadi vigeuke kuwa vyeupe na vizito, kisha huchanganywa na opara pamoja na mayai mazima, chumvi, vanila, ganda la limau na unga uliobaki. Hapo ndipo donge langu la kwanza Lublin lilipoharibika, na naamini ndipo mengi yanapoharibikia. Sisi tuliokulia kwenye maandazi na chapati tumefundishwa kwamba donge linaloshika mikono linaomba unga. La paska linashika mikono, linashika bakuli, linashika kila kitu, na ukiliangalia unaona kabisa kwamba halitakaa liwe donge. Nikaongeza unga, nikaongeza tena, likawa laini na la kupendeza mkononi kama la maandazi, na mkate uliotoka ulikuwa mzito, mkavu siku ya pili, umepasuka ubavuni. Nilipomweleza bibi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, unga umeshaupima. Uache. Sasa kanda.”

Akanitaka nikande nusu saa kwa saa ya ukutani, yeye akiangalia. Mara ya pili nilifanya hivyo, na ninataka kueleza kilichotokea kwa undani kwa sababu hakuna maelezo ya mapishi yaliyonitayarisha. Dakika kumi za kwanza hakuna kinachobadilika. Donge linavutika kama gundi, mabega yanauma, na unaamini umekosea vipimo. Unalinyanyua kwa vidole, unalivuta juu, unalikunja juu yake lenyewe na kulipiga kwenye bakuli, tena na tena. Kuelekea dakika ya ishirini linaanza kuachana na ukuta wa bakuli, kwanza upande mmoja. Linaanza kung'aa. Hapo ndipo siagi huingia, laini ya kubonyea lakini isiyoyeyuka, kipande kidogo baada ya kipande, na kila kipande kinapoingia donge hutengana kama limeharibika, kisha hurudi kuwa moja. Likikamilika, paka vidole mafuta, kata kipande kama cha yai, kivute taratibu mbele ya dirisha: kikitanuka kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika, umemaliza. Kikichanika, kanda zaidi. Kipimo hicho ni bora kuliko saa, na mwenye mashine ya kukandia anaweza kukitumia vilevile, ila ajihadhari mashine isilipashe donge moto.

Zabibu huja mwisho. Zilowekwe katika maji ya moto kwa robo saa, au katika konyaki kwa wanaotumia, zikaushwe kabisa kwa kitambaa, zinyunyiziwe unga kidogo ndipo zichanganywe. Zikiingia na maji zinalilegeza donge na kuzama chini ya mkate. Kwa manukato, wengine hutia zafarani au manjano kidogo ili rangi iwe ya dhahabu, hasa pale mayai ya dukani yanapokuwa na viini vilivyopauka. Mimi nilitia nusu kijiko cha chai cha hiliki iliyosagwa, niliyokuwa nimeletewa kutoka nyumbani, nikiwa na wasiwasi kwamba nimeivunja desturi ya watu, lakini bibi aliniambia hata vitabu vya mapishi vya zamani vya kwao vina hiliki, na akaniomba nimhifadhie kidogo.

Donge hupumzika likiwa limefunikwa hadi liwe maradufu, saa moja na nusu au mbili, pengine zaidi kama chumba ni cha baridi. Nyuzi 26 hadi 28 zinatosha. Katika nchi za baridi kishawishi ni kuliweka juu ya kipasha joto cha ukutani, na hilo ni kosa la gharama, kwa sababu siagi huanza kuyeyuka kabla hamira haijafurahi, na ukifunua unakuta donge linatoka jasho la mafuta ambalo halirudi tena ndani. Nilitumia oveni iliyozimwa, taa yake ikiwa inawaka, na bakuli la maji ya moto chini. Kuhusu upepo, kiti cha bibi mlangoni kilikuwa na maana: donge la aina hii limejaa hewa na ukuta wake ni dhaifu, hivyo hewa baridi ya ghafla au mtikisiko huliangusha kweli.

Vyombo vya kuokea navyo viandaliwe mapema. Ukraine, wiki chache kabla ya Pasaka, maduka hujaa vikombe vya karatasi ngumu vya ukubwa mbalimbali, lakini kizazi cha bibi kilitumia makopo ya bati ya vyakula, na mimi nilifanya hivyo kwa kukosa jingine. Chagua kopo lisilo na utando mweupe wa plastiki ndani, lioshe, lipake siagi, kisha livishe karatasi ya kuokea inayozidi ukingo kwa vidole vitatu. Donge lijaze theluthi moja ya kopo, au chini kidogo ya nusu, wala lisizidi hapo. Inaonekana ni kidogo mno, na mkono unataka kuongeza. Usiongeze, kwa sababu lililojaa litafurika na kuinama ubavuni kama uyoga, na ndani litabaki bichi. Liache liumuke mara ya pili ndani ya kopo hadi lifike robo tatu. Likifika ukingoni kabla ya kuingia motoni limeshachoka, litaporomoka.

Oveni yangu ya Lublin ilikuwa na moto mkali juu, jambo la kawaida katika oveni ndogo, na mkate mrefu husogea karibu na chanzo cha moto kadiri unavyopanda. Weka sinia kwenye ngazi ya chini kabisa. Anza na nyuzi 180 kwa dakika 10 hadi 15, punguza hadi 160, na usifungue mlango kwa nusu saa ya kwanza. Kichwa kikipata rangi ya kahawia kabla ya wakati, kifunike kwa karatasi ya kuokea iliyoloweshwa au karatasi ya aluminiamu, haraka, mlango ukiwa umefunguliwa kidogo. Kopo la donge la gramu 450 hadi 500 huchukua kama dakika 40. Bibi huchoma kijiti kirefu cha mbao hadi chini na kukiangalia kama kimetoka kikavu. Mimi nina kipimajoto cha jikoni, na nyuzi 94 katikati ya mkate hazijaniangusha bado.

Kisha inakuja hatua ambayo sikuijua kabisa hadi aliponiambia. Paska iliyotoka motoni haisimamishwi. Nyama yake ya ndani, yenye viini na siagi, bado ni laini kama sifongo, na ukiisimamisha ikiwa moto inajikalia yenyewe, kiuno kinabonyea na katikati kunakuwa na tabaka la kunata. Iache kwenye kopo dakika kumi, itoe, ilaze ubavu juu ya mto uliotandikwa taulo safi, na uigeuze kila baada ya dakika chache hadi ipoe. Nilikaa kitandani na mikate yangu kwenye mto, nikiigeuza kwa viganja, naye kwenye simu akiigeuza ya kwake, hatukuwa tunazungumza sana. King'ora kililia upande wake mara moja. Akaiacha mikate, akashuka chini ya jengo, akarudi baadaye akaendelea. Yake ilibonyea kidogo.

Utando mweupe wa juu hupakwa mkate ukiwa baridi kabisa, la sivyo hutiririka. Ute wa yai moja, sukari ya unga gramu 180 hivi na kijiko cha chai cha maji ya limau vinatosha mikate kadhaa. Kwa kuwa ute huo hauokwi, mimi hutumia ule uliopasteurishwa, yaani uliopashwa joto kuua vijidudu, wa kwenye pakiti, hasa kama kuna watoto au mama mjamzito mezani, maana salmonela, bakteria wa mayai mabichi, haichagui sikukuu. Siku hizi wengi hupiga sukari na jelatini badala ya ute, na utando huo una faida kwamba haumeguki unapokata.

Jumapili hiyo niliupeleka mkate mmoja katika kanisa kuu la Kiorthodoksi la Lublin, mtaa wa Ruska, ndani ya kikapu chenye mayai ya rangi, soseji, siagi, chumvi na mzizi mkali wa horseradishi, nimeufunika kwa kitambaa cha kudarizi. Wanawake wa Kiukraini walikuwa wamepanga vikapu vyao uani, na wengi wao walikuwa wameoka katika majiko ya watu waliowapokea, kwa hiyo mazungumzo yalikuwa ya unga wa Poland, namba zake na oveni zisizojulikana. Mmoja aliugonga mkate wangu kwa kucha, akauliza nimekanda muda gani. Vinnytsia kulikuwa na amri ya kutotoka nje usiku, na bibi alikwenda kanisani kulipokucha.

Paska hukatwa kwa kulala, vipande vya duara, na kichwa chenye sukari hutumika kama kifuniko ili iliyobaki isikauke. Ikifungwa kwenye kitambaa na mfuko hukaa laini siku nne au tano. Makombo ya mkate uliobarikiwa hayatupwi jalalani. Bibi huwapa ndege. Ukiwa umeoka nyingi kuliko unavyoweza kula, zigandishe kabla ya kuzipaka utando wa sukari. Na utabaki na ute wa mayai nane: uweke katika vyombo vidogo, uandike idadi juu yake, ugandishe, utakufaa kwa miezi kadhaa kwenye keki nyeupe au kuongezea kimanda.